Kutembelea mahekalu ya Angkor bila kuangushwa na jua

Mimi ni mtu wa Tanga, na joto nilidhani nalijua. Nilipofika Siem Reap, mji wa Kambodia ulio jirani na magofu ya Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, wenyeji wa nchi hiyo, mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kama nina kofia, nikacheka. Kesho yake saa tano na nusu asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya ngazi za hekalu la Ta Keo, kichwa kinagonga, chai ya asubuhi inataka kurudi ilikotoka, na mama muuza maji ananipepea kwa kipande cha boksi. Nilikuwa nimepanga mahekalu manane siku ile. Hilo lilikuwa la tatu.

Joto la pwani yetu lina bahari ndani yake. Hata upepo ukikata mchana, unajua jioni utarudi. Angkor iko bara, kwenye uwanda uliolala, na hewa yake ni nzito ya unyevu na haisogei. Jasho linakutoka halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kisha kuna mawe. Mahekalu yale yamejengwa kwa jiwe la mchanga lililochimbwa upande wa milima ya Kulen, na kwa jiwe jekundu lenye matundu linalotoka ardhini pale pale. Mawe hayo hunywa jua tangu asubuhi, na ikifika saa sita yanaanza kukurudishia. Unachomwa juu, unachomwa chini.

Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa kulifuata jua, si umaarufu wa hekalu.

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua ndege

Novemba hadi Februari ndiyo miezi yenyewe. Mvua imekata, alfajiri pana kaubaridi, na mchana unavumilika. Ubaya wake ni umati, hasa Desemba na Januari. Machi joto linapanda, na Aprili ni tanuri: nyuzi 35 ni jambo la kawaida na siku nyingine hukaribia 40. Katikati ya Aprili ndipo Wakhmer wanaposherehekea Mwaka Mpya wao, nao wenyewe hujaa mahekaluni. Ni furaha kubwa, ila mgeni anayetafuta kivuli na nafasi hatavipata.

Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na huzidi Septemba na Oktoba. Wengi huikimbia. Mimi nikikosa likizo ya Desemba ningekwenda Juni au Julai kabla ya kuifikiria Aprili. Mara nyingi mvua hushuka alasiri, kwa hiyo asubuhi unabaki nayo. Wageni huwa wachache na mawe huota ukijani unaopendeza. Ukijani huo huo unateleza kama sabuni, basi panda ngazi kwa mikono na miguu.

2. Karatasi na dola

Viza iombe mtandaoni kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali ambayo anwani yake huishia gov.kh. Ukitafuta ovyo utaangukia kwa madalali wenye tovuti za kufanana nayo, na hao hutoza cha juu. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano, mathalani Kenya, Uganda au Kongo, abebe kadi yake ya chanjo.

Dola ya Marekani inatumika kila mahali. Chenji utapewa kwa riel, na riel 4,000 hivi ni dola moja. Dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, jambo ambalo aliyewahi kubadilisha fedha kwetu halitamshangaza.

Uwanja mpya wa ndege ulifunguliwa Oktoba 2023, nao uko mbali na mji, zaidi ya kilomita 40. Panga gari mapema. Anayefikiria kuingia kwa barabara kutoka Bangkok apate habari za mpaka kwanza, maana mwaka 2025 majeshi ya Thailand na Kambodia yalipigana na vivuko vikafungwa. Kwa sababu hiyo hiyo hekalu la Preah Vihear, lililo juu ya jabali la mpakani, sikuliweka humu hata kama ni zuri.

3. Nunua tiketi ya siku tatu

Tangu 2017 tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu 62, ya siku saba 72. Si bei ya mchezo. Lakini siku tatu si lazima zifuatane: unazitumia ndani ya siku 10. Hapo ndipo ilipo dawa ya joto. Mwenye tiketi ya siku moja hujilazimisha kuzunguka saa saba mchana kwa sababu ameshalipia. Mwenye siku tatu saa hiyo yuko kitandani, feni inamzungukia.

Tiketi haiuzwi kwenye lango la hekalu. Ina ofisi yake, nje kidogo ya katikati ya mji, na picha yako hupigwa hapo hapo. Ukinunua baada ya saa kumi na moja jioni, siku zako huanza kuhesabiwa kesho yake. Watoto wa chini ya miaka 12 hawalipi, ila njoo na pasipoti zao. Tiketi yenyewe iweke mahali pa karibu, kwa kuwa wakaguzi wako karibu kila hekalu.

4. Nguo

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Wenyeji wanapenda iwe hivyo kwa sababu mahekalu haya bado yana waumini. Utakuta sanamu ya Buddha imevikwa kitambaa cha rangi ya chungwa na ubani unafuka mbele yake. Bahati nzuri, nguo za heshima na nguo za kukinga jua ni zile zile: pamba nyembamba, pana, rangi nyeupe au iliyofifia, mikono mirefu. Anayevaa baibui alete la rangi nyepesi.

Khanga njoo nayo. Utaikalia, utailowesha na kuizungusha shingoni, utajifunika nayo miguu kwenye gari. Ila usiitegemee kufunika mabega ukitaka kupanda ngazi ya juu ya Angkor Wat, inayoitwa Bakan. Pale walinzi wanataka shati lenye mikono, kujitanda hawakukubali. Ukiisahau nyumbani, nunua krama, kitambaa cha mirabaraba cha Wakhmer. Wanakifanyia kila kazi tunayoifanyia khanga na kikoi, mpaka kubeba mtoto.

Miguuni vaa viatu vyenye soli inayoshika. Kandambili zitakuaibisha kwenye ngazi. Tia soksi mfukoni pia, kwa sababu kwenye pagoda zinazotumika, nyumba za ibada za Kibuddha, utavua viatu, na sakafu ya saa nane mchana haina huruma na nyayo.

5. Dereva

Usafiri wa pale ni remork, kigari cha paa kinachokokotwa na pikipiki, kipana kuliko bajaji na kiko wazi pande zote. Mimi nakipenda kuliko gari la kiyoyozi, kwa sababu mbili. Kikienda kinakupepea. Halafu mwili haupigwi na baridi na moto kwa zamu mara kumi kwa siku, hali inayochosha kuliko watu wanavyodhani.

Patana bei ya siku nzima kabla ya kupanda, na mtajie mapema kwamba mtarudi mjini saa tano na kutoka tena saa tisa. Wengine wataongeza kidogo kwa sababu ya safari mbili, lipa. Mwite "bong". Ni neno la kumwita kaka au dada aliyekuzidi, linafanya kazi kama letu, na uso hubadilika ukilitumia. Saa za mchana utawaona madereva wamefunga machela ndani ya remork zao, wamelala usingizi wa haki. Hao ndio wanaoijua hali ya hewa ya kwao.

Baiskeli ziko, na barabara ni tambarare. Njia inayoitwa duara dogo ni kilomita 17 hivi, duara kubwa 26 hivi. Zinafaa Desemba na Januari. Miezi mingine mwachie kijana wa miaka 20.

6. Maji, na chumvi yake

Usingoje kiu. Glasi moja kila dakika 15 au 20 unapotembea inatosha. Kugugumia chupa nzima kwa mkupuo mmoja hakusaidii. Maji matupu nayo yana kikomo, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Beba paketi za ORS kutoka duka la dawa la kwenu, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazishwa.

Na madafu yapo! Kila penye kivuli kuna mtu ana panga na rundo la madafu, mengine yametoka kwenye barafu. Juisi ya miwa pia ipo, inakamuliwa mbele yako. Bia ya mchana iache mpaka jioni.

7. Siku zenyewe

Siku ya kwanza asubuhi: Banteay Srei. Toka saa kumi na mbili na nusu. Ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, na mwendo huo ndio upepo wako. Hekalu hili la Shiva, mungu wa Kihindu, lilizinduliwa mwaka 967, na hakulijenga mfalme bali mshauri wa mfalme aliyeitwa Yajnavaraha. Ni dogo ajabu, milango mingine utainama, lakini jiwe lake la waridi limechongwa kwa ufundi unaomkumbusha mtu wa Lamu milango ya kwao: hakuna nafasi ya kidole isiyokuwa na ua, jani au mnyama. Kivuli hakuna hata kidogo. Saa moja inakutosha, kisha geuza.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa uwe chini ya paa. Wazee wetu wa pwani hawakufunga maduka adhuhuri kwa uvivu. Kula, oga, lala. Asiyeweza kulala aende Makumbusho ya Taifa ya Angkor, hapo hapo mjini, ambako kuna kiyoyozi na chumba kilichojaa sanamu 1,000 za Buddha.

Alasiri: Angkor Wat, kwa mlango wa nyuma. Hapa nitakawia, maana wengi hukosea.

Angkor Wat ilijengwa na mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, mungu mwingine wa Kihindu, na baadaye ikawa ya Wabuddha. Mahekalu mengi ya Wakhmer yanatazama mashariki; hili linatazama magharibi. Kundi zima la watalii huingia kwa magharibi, juu ya daraja refu la mawe linalovuka handaki la maji lenye upana wa mita 190 hivi, halafu njia ndefu ndani ya ua, bila mti. Saa tisa alasiri jua linawatwanga kisogoni njia nzima.

Wewe mwambie dereva akushushe upande wa mashariki. Kuna njia ya udongo inayopita msituni, ina kivuli na watu wachache. Itakufikisha nyuma ya hekalu, kwenye veranda ndefu zenye michongo. Michongo iko kwenye ukuta wa ndani, na upande wa nje ni nguzo, kwa hiyo jua la asubuhi huingia veranda za mashariki na la alasiri huingia za magharibi. Alasiri mashariki ni kivuli kitupu. Na mashariki ndiko uliko mchongo bora kuliko yote: Kusukwa kwa Bahari ya Maziwa, karibu mita 49 za ukuta, mashetani upande mmoja na miungu upande wa pili wakivutana kwa mwili wa nyoka ili wapate maji ya uzima. Ukikata kona kuelekea kusini utakutana na pepo na jehanamu, Yama, mungu wa mauti, akiwa amepanda nyati, na wenye dhambi wakipewa haki yao kwa undani ambao mtoto mdogo asiuone karibu na saa ya kulala. Angalia kwa macho. Vifua vya wanawake wa mbinguni waliochongwa kutani vimekuwa vyeusi vinang'aa kwa kushikwashikwa na wageni, na aibu hiyo haihitaji mkono wako.

Halafu, jua likishalegea, toka kwa magharibi. Tembea hadi katikati ya ile njia ndefu ndipo ugeuke. Minara ya hekalu iko mbele yako, jua limeipiga usoni, nawe umelipa kisogo.

Siku ya pili asubuhi: Bayon. Mahekalu mengi hufunguliwa saa moja na nusu, uwe hapo saa hiyo. Ingia kwa lango la kusini la Angkor Thom, mji wa Jayavarman wa Saba, wenye ukuta wa kilomita tatu kila upande. Darajani utapokewa na miungu 54 upande mmoja na mashetani 54 upande wa pili. Bayon ni ile yenye nyuso nyingi za mawe, zinatabasamu kila upande. Watu hupanda moja kwa moja kuzipiga picha. Anza chini, kwenye veranda ya nje ya kusini, kwa sababu paa lake lilishaanguka na ikifika saa tatu jua litakufukuza. Pale hakuna miungu: kuna soko, wanawake wanauza, wapishi, samaki, majogoo wanapiganishwa na wanaume wameinama kushangilia. Miaka 800 imepita, na mtu wa Kariakoo hapotei.

Nyani wa pale ni wezi kuliko kima wa Shimba Hills. Usiwalishe, usiwachekee meno, na mfuko wa nailoni usiuning'inize mkononi, maana wanajua una chakula.

Saa tatu na nusu nenda Ta Prohm. Jayavarman aliijenga kwa heshima ya mama yake, mwaka 1186. Watafiti wa Kifaransa walipokuwa wakifyeka msitu Angkor, hili waliliacha na miti yake makusudi. Aliyefika magofu ya Gede karibu na Malindi ameshaonja hali hii, mizizi inashuka ukutani na ndege wanalia juu, ila hapa shina moja linaweza kuifunika nyumba. Muhimu zaidi kwa leo, kivuli ni cha bure. Saa tano, mjini.

Alasiri: Preah Khan, hekalu alilomjengea baba yake mwaka 1191. Ni korido moja ndefu baada ya nyingine, zina paa kiasi na miti pande zote. Dereva akushushe upande mmoja akakusubiri wa pili, usirudi ulikotoka. Humo tazama vijumba vya ukutani ambamo picha ya Buddha imechongolewa ikabaki alama tu. Jayavarman wa Saba alikuwa Mbuddha; baada yake, katika karne ya 13, Uhindu ulirudi kwa nguvu na sanamu zikapigwa patasi. Baadaye Ubuddha ukarudi tena, safari hii wa madhehebu ya Theravada, ndio huu wa leo. Yote hayo yameandikwa kwenye ukuta mmoja uliokwaruzwa.

Jioni wengi watakuvuta ukaone machweo kilima cha Phnom Bakheng. Huruhusiwa watu 300 tu kwa wakati mmoja, na foleni yake ni ya jua. Mimi hupendelea Pre Rup, ya mwaka 961. Nayo ina watu, lakini hupandi kilima kwanza. Ukipanda ngazi zake saa kumi na moja jioni weka kiganja kwenye tofali: bado lina moto kama chungu kilichoepuliwa.

Siku ya tatu: macheo Angkor Wat, inayofunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Sitadanganya, utaona migongo na simu nyingi kuliko jua. Faida iko baadaye. Jua likishatoka wengi hurudi hotelini kunywa chai. Wewe kaa, kula ndizi zako, na Bakan ikifunguliwa kama saa moja na dakika 40 uwe mbele kwenye foleni. Ngazi zake zimesimama kama za mnazi, shika ubao wa pembeni. Siku takatifu za Kibuddha, zinazofuata mwezi mwandamo, pale hufungwa, basi muulize dereva jana yake. Ukishuka, pumzika hadi alasiri, kisha nenda Roluos, kilomita 13 hivi mashariki ya mji, ukaone Bakong ya mwaka 881, iliyotangulia yote uliyoyaona.

Kote huko fuata njia zilizokanyagwa. Katikati ya Angkor pamesafishwa, lakini mahekalu ya mbali Kambodia bado yana mabomu ya ardhini yaliyobaki vitani, na kichaka cha kujisaidia si mahali pa kujaribu bahati.

8. Mwili ukigoma

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi: hapo simama, usiseme "hekalu moja tu". Kivulini, legeza nguo, vua viatu, lowesha shingo na kichwa, kunywa ORS kidogo kidogo. Siku hiyo imekwisha.

Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba, akizimia, mwili ukiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo na anatakiwa hospitali haraka. Mkiwa njiani mmwagieni maji mwili mzima na mpepeeni bila kuacha, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa au kuzimia msimnyweshe kitu. Namba ya bima ya safari iwe kwenye simu ya mwenzako, si yako peke yako.

Yangu ilikuwa ile ya kwanza, nashukuru. Yule mama wa Ta Keo alinivua kofia, nikawa hata sikumbuki ilitoka wapi, akalowesha krama kwenye sanduku lake la barafu na kunifunga shingoni, akanipa maji kwa funda. Baada ya dakika 40 nilisimama. Maji alikataa nisilipie. Krama aliniuzia dola tatu.